Milango Saba

Mchezo wetu una milango saba, na yote ni bubu.
Urmo amemaliza kuichora: ule wa kijani, ule uliopinda,
ule wenye tundu la paka chini.
Tarishi wetu huzunguka nyumba hadi nyumba na barua zake;
anabisha, wala husikii ngo;
mlango unafunguka, si kwi si kwa.
Theluji anaikanyaga kama mtu akanyagaye wazo.

"Sauti ni kazi yako," Urmo anasema, anarudi kwenye rangi zake.
Tumebakiwa na euro mia moja na arobaini.
Ni Februari hapa Tartu, dirisha limeota manyoya ya barafu.

Nafungua maktaba ya sauti. Milango elfu nne.
Ya jela, ya makabati, ya mabehewa,
na mlango wa jokofu ulioitwa "jini namba mbili".
Nasikiliza hadi saa nane za usiku,
vifaa vimenibana masikio mpaka yanawaka,
na kila mlango unafunguka, haingii mtu.

Sauti nzuri ina masharti, kama mchumba mwenye wajomba wengi.
Huyu anataka jina lake mwishoni. Haya, tutaliandika.
Huyu anataka euro thelathini,
na thelathini tena tukishauza nakala elfu kumi.
Elfu kumi! Nilicheka peke yangu gizani.
Huyu amesema chukua, fanya utakalo, hata asante sitaki,
lakini mlango wake unalia kama bata.
Na huyu,
huyu ndiye.
Kwiii fupi, kisha kimya, kama mtu aliyevuta pumzi,
kisha kitasa: ta.
Chini yake, kwa herufi ndogo: si kwa biashara.

Nilirudia mara thelathini.
"Nani atajua?" Urmo akasema. "Ukate, ushushe kidogo. Mlango ni mlango."
"Na picha zako je," nikamuuliza, "nani atajua?"
Akanyamaza. Akanywa kahawa iliyokwisha poa.

Nikamwandikia mwenyewe, Vratislav Hudec wa Brno.
Siku tisa kimya. Siku ya kumi akajibu:
*Huo ni mlango wa ghala langu la viazi.
Zamani niliutoa bure kwa kila mtu,
hadi usiku mmoja nikausikia kwenye televisheni,
ukifungua tangazo la mkopo wa nyumba.
Mchezo wenu una benki ndani?*

Tukamjibu kwa uaminifu: benki hamna,
ila nyumba ya tatu kuna mdeni anayejificha.
Akatuma leseni ya aya moja, yenye sahihi na doa la chai.
Bei: nakala moja ya mchezo.
Sharti: uwe mlango wa mdeni,
na ufunguke polepole.

Ikabaki theluji. Nilitoka na maikrofoni hadi ukingo wa Emajõgi,
nikatembea mbele na nyuma kama mlinzi wa kitu kisichoibika.
Niliporudi, kwenye faili kulikuwa na lori la magogo,
mafua yangu, na kitu kama mtu anayekula biskuti.
Theluji ya kweli ilisikika ya uongo.

Basi nikajaza soksi ya Urmo wanga wa viazi,
nikaiminya mbele ya maikrofoni, kushoto, kulia:
chwaku, chwaku, chwaku.
Urmo akainua kichwa kutoka kwenye rangi zake.
Kwenye kioo, tarishi alikuwa akitembea,
na kwa mara ya kwanza tulimwona ana uzito,
tukaona pia kwamba amechoka.

Hiyo sauti ni yetu, haina mjomba.
Usiku ule niliipandisha maktabani, wengine nao wachukue.
Pale penye masharti kidole kikasita.
Jina langu? Pesa? Bure kabisa?
Nikaandika: *Tumieni mpendavyo, isipokuwa mkiwa benki.*

Imebaki milango sita.